Mwite Mpaka Aitike

Enzi za utoto wangu kule Isansa, mchezo tulioupenda kuliko yote ulikuwa msiba. Najua wapo watakaokunja uso. Wakunje tu. Michezo mingine tulikuwa nayo, kombolela na rede na mpira wa makaratasi, lakini yote ilitaka uwanja mkavu, na Mbozi mvua ikishaanza, uwanja mkavu unausikia redioni. Msiba ulichezwa popote. Tena kila mtoto alipata kazi, hata yule asiyejua kukimbia.

Tuliuchezea nyuma ya nyumba, kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Msimu wa kahawa ukiisha, vichanja hubaki vitupu, miti na wavu tu, na ukitupia turubai juu, chini yake watoto wanaweza kukaa bila kulowana sana. Mwenye mchezo alikuwa dada yangu Rehema. Yeye alikuwa darasa la tano, mimi ndiyo kwanza nimeanza shule. Sijaona tena mtu anayejua kugawa kazi kama yeye. Wewe mchungaji, wewe mchimba kaburi, ninyi kwaya, wewe shangazi wa marehemu. Shangazi nilikuwa mimi, na kazi yangu ilikuwa kuzimia. Nilizimia vizuri, nisijisifu bure.

Rehema mwenyewe alikuwa mwanzishaji wa nyimbo, maana sauti alijaliwa. Nyimbo za mazishi za Kinyiha ambazo akina mama huziimba wakiwa wamekaa chini kumzunguka marehemu, yeye alizishika kwa kuzisikia tu. Akianzisha, mtu mzima anayepita njiani anavua kofia kwanza, halafu ndiyo anagundua kuwa amevulia kofia watoto.

Na maiti alikuwa Westoni, mdogo wetu, kitinda mimba. Hakuna aliyeweza kazi ile kama yeye. Wengine ukiwalaza wanacheka, au wanajikuna, au inzi akitua puani wanaamka na mchezo unaharibika. Westoni alilala. Ungemtekenya nyayo, ungemtia jani sikioni, hasogei. Rehema ndiye aliyemfundisha, akamwambia siku ya kwanza kabisa kwamba maiti haiitiki hata ikiitwa na nani. Mshahara wake ulikuwa pera, analipwa akishafufuka. Alijivunia kazi hiyo, jamani. Akiulizwa na wageni yeye ni nani, anajibu, "Mimi maiti." Mama anamziba mdomo.

Bibi, mama yake baba, tulikaa naye boma moja. Alikuwa mtu wa kanisani, kiti chake kilijulikana, na alikuwa pia mtu wa mambo yake ya zamani, na sidhani kama aliona mpaka kati ya hayo mawili. Alishatukataza kupiga mluzi jioni, kuhesabu makaburi kwa kidole, na kukaa kizingitini. Sisi tulimpenda sana. Ndiye aliyetuwekea ugali wa ukoko, ndiye aliyetutetea tusichapwe. Nayasema haya mapema ili mtu asije akafikiri nasimulia habari za mchawi.

Siku aliyotukuta alikuwa anatoka shambani, jembe begani. Westoni alikuwa juu ya kichanja amefunikwa kitenge cha mama kuanzia kichwani. Kwaya imepamba moto, mimi nimeshazimia. Tuliona tu Rehema amenyamaza katikati ya wimbo.

Bibi hakupiga kelele. Aliweka jembe chini polepole, akauliza nani amemlaza huyu mtoto. Rehema akajibu ni yeye.

"Basi mwite aamke," bibi akasema. "Wewe uliyemlaza. Mwite jina lake mpaka aitike."

Baadaye ndiyo tulielezwa. Kwa bibi, kumlaza mtu hai kama maiti ni kuionyesha mauti njia ya nyumbani kwako. Ni uchuro, na uchuro ule una namna moja tu ya kuufuta. Aliyemlaza mwenzake amwite kwa jina, aliyelazwa aitike kwa mdomo wake, halafu alambe chumvi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, naye hakuwa na sababu ya kumwona mama yake mwongo.

Rehema akaita. Westoni kimya. Akaita tena, akimsogelea. Kimya. Nilikuwa nimeinua kichwa pale chini nilipozimia, na chini ya kitenge nikaona tumbo lake linapanda na kushuka, na nikajua anajibana. Alisikia. Aliona labda hii ndiyo sehemu mpya ya mchezo, ile ngumu kuliko zote, na bibi mwenyewe amekuja kutazama. Angeitikaje? Maiti haiitiki. Rehema sauti ikaanza kumtetemeka, akaita kwa kusihi, na yule mtoto akazidi kuwa hodari.

Mwishoni bibi alimvuta kitenge, akamtikisa bega. Westoni akafumbua macho, akatutazama wote kwa furaha, akadai pera lake.

Bibi alimlambisha chumvi kutoka kiganjani. Lakini jioni, tukiwa jikoni, nilimsikia akimwambia mama kwamba chumvi mtoto amelamba, ila kuitika hakuitika. Mama akaendelea kusonga ugali. Yeye alikuwa mtu wa Ileje, ameolewa kwetu, na mkwe hajibizani na mama wa mume wake. Toka siku hiyo bibi akawa anamwangalia Westoni kwa namna fulani, anamshika paji la uso kila akipita karibu. Naye Rehema akawa anamwangalia bibi.

Mvua zilipokolea Westoni akaamka na homa. Asubuhi ileile macho yakageukia juu, mwili ukakakamaa, ukaachia, ukakakamaa tena. Degedege. Mama aliona mara moja, akatoka nje kwenda kuijaza upepo baiskeli ya baba. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. Ni safari ya matope, lakini si mbali. Watu walikuwa wanakwenda na kurudi kabla chai haijapoa, kama tulivyopenda kusema.

Bibi alikuwa ameshakaa mlangoni, miguu ameinyoosha kuziba njia.

"Asivuke mto hajaitika," alimwambia baba. "Akivuka hajaitika, mtarudi bila yeye."

Akamgeukia Rehema, akamwambia amwite. Hakusema kwa hasira. Alikuwa analia, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, wala hayafuti. Hilo ndilo lililomshika baba, nadhani. Mama yake mzazi analia mlangoni, anaomba mjukuu wake asitolewe nje. Baba alikuwa mtu mzima mwenye shamba lake na heshima zake, na alisimama pale na kofia mkononi.

Rehema alipiga magoti kando ya mkeka, akaweka mdomo sikioni mwa mdogo wake. Mwanzoni alimwita kama tunavyomwita siku zote, Westi, Westi, amka twende kwenye mapera. Halafu akamwambia mchezo umekwisha. Alimwambia hivyo mara nyingi. Mchezo umekwisha, Westoni, unaruhusiwa kuitika. Halafu maneno yakamwishia, likabaki jina peke yake. Aliita mpaka sauti ile tuliyoijua ikakauka, ikawa mkwaruzo. Nje manyunyu yanaanguka, na kila nilipochungulia kwenye upenyo wa dirisha nilimwona mama amesimama uani, ameshika usukani wa baiskeli, kichwa kimelowa. Hakuiachia na hakuingia. Alikuwa anamngoja mume wake atoke na mtoto.

Saa zilikwenda. Baba alisema kitu, bibi akamwomba angoje kidogo, ameona midomo ya mtoto imecheza. Baba akangoja.

Jua lilikuwa limeshapita utosini tuliposikia baiskeli imeanguka. Mama aliingia. Kwetu mkwe haruki miguu ya mama mkwe, ni jambo ambalo mtu halifikirii hata usingizini. Mama aliiruka. Alimnyanyua Westoni kutoka kwenye mikono ya Rehema, akamfunga mgongoni, akairuka miguu ile tena kwenda nje. Ndipo na baba naye akaokota baiskeli, akakimbia nyuma yake.

Walirudi wanatembea, baba anaikokota baiskeli. Mama alikuwa amembeba Westoni mbele, si mgongoni, na amemfunika mpaka usoni. Sisi tulikuwa wataalamu wa jambo hilo. Tulijua kabla hawajafika kwenye migomba.

Msiba wa kweli hauna kazi kwa watoto. Hakuna aliyetugawia chochote. Akina mama walikaa chini wakaimba zilezile nyimbo, na mimi, niliyekuwa nazimia vizuri, nilikaa tu nimeshika sahani ya mtu, nimesahau ni ya nani. Rehema aliwekwa jikoni nyuma. Habari ilikuwa imeshaenea: ndiye aliyemlaza mdogo wake, akamwita, mtoto hakuitika, bibi alisema. Bibi alisema, na limekuwa. Wanawake walioingia jikoni kuchukua maji walimpita kwa upande.

Hakuna aliyempiga, na hakuna aliyemtukana. Bibi mwenyewe hakuwahi kumwambia neno baya, alimpa chakula kama kawaida. Ila hakuweza kuisikia sauti yake. Rehema akiongea, bibi anainuka anatoka. Haikupita muda baba akampeleka kwa shangazi yetu Ivuna, kule wanakochemsha chumvi. Akakulia huko, akaolewa huko, na hadi leo kazi yake ni chumvi. Kanisani anasimama na waimbaji wengine, midomo inacheza, sauti haitoki. Watu wa huko wanaamini hajui kuimba.

Miaka ikaenda, bibi akafariki, baba naye. Mama alipougua nilimleta kwangu hapa Mpemba, Tunduma, Rehema akaja kumuuguza. Siku moja mchana, tunamgeuza kitandani, mama akaanza kuongea kama mtu anayeendelea na maongezi ya jana. Akasema yule daktari wa zahanati alikuwa kijana tu. Alimpima Westoni, akamfumba macho, akamwambia, "Mama, mngemleta asubuhi." Mama alisema hakulirudisha neno lile nyumbani kwa sababu mama mkwe wake angekufa nalo.

Rehema alikuwa anakunja shuka. Hakuacha kukunja.

"Asubuhi nilikuwa namwita," akasema.

Basi.  Mimi nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikalia mpaka mbavu zikauma. Miaka yote hiyo tulikuwa tumeamini kwamba alichokiona bibi kilikuja. Kumbe kilingojewa, nyumba nzima imekaa inakingojea, na mlangoni amekaa mtu aliyempenda yule mtoto kuliko nafsi yake.

Mwezi huu hapa mtaani tumekaa kikao cha wazazi, uani kwangu, kupanga watoto wafanye nini likizo hii. Ni jambo la maana. Mji wetu umejaa malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia, na watoto wamegeuza foleni ile kuwa uwanja, wanacheza kombolela kati ya matairi. Tukataja mpira, bembea, mashindano ya kuruka kamba, kwaya ya watoto, safari ya kwenda kuona kimondo. Vijana wakubwa wakaombewa meza ya pool, mchungaji akaguna. Rehema alikuwepo, alikuja na mzigo wake wa chumvi, amekaa pembeni kwenye gunia.

Nyuma yetu, kando ya ukuta, tukasikia kwaya. Kila mtu akageuka. Watoto wetu, waliotuchoka sisi na kikao chetu, walikuwa wamemlaza mwenzao juu ya ubao, wamemfunika khanga, na binti mmoja mrefu wa jirani anaongoza wimbo. Mwenyekiti wetu, mama mwenye roho nzuri kabisa, aliinuka na kandambili mkononi, akafoka kwamba wanatuchuria, na akauliza nani amemlaza huyo.

Yule binti akajibu ni yeye. Nilimwona uso unavyobadilika. Niliujua ule uso.

Rehema alinipita hata sijamwona akiinuka. Nilidhani anakwenda kwa yule mtoto aliyelala. Hakumtazama. Alikwenda kwa binti, akamshika mabega mawili.

"Hujafanya kitu, mwanangu," akamwambia. "Sikia. Hata ikitokea nini, hujafanya kitu."

Binti hakuelewa, atajuaje? Maiti alikuwa amefumbua jicho moja. Mwenyekiti akavaa kandambili yake. Rehema, bado amemshika yule mtoto wa watu, akamuuliza wimbo wao ule uliishia wapi. Binti akasema hawajui mbele, wanaujua mwanzo tu.

Dada yangu akauendeleza. Sauti ilitoka na mkwaruzo, ya mtu mzima, si ile ya kwenye vichanja, na mara mbili ilikatika akaiokota. Ulikuwa wa Kinyiha, watoto wa Tunduma wengi hawakuelewa neno, wakaitikia tu. Mtoto aliyelala alikaa kitako akaitikia na yeye, na hakuna aliyemkataza.

Kwenye orodha ya michezo nilisema msiba usikatazwe. Mwenyekiti aliniuliza kwa nini, nikashindwa kumweleza mbele za watu. Nimeandika haya badala yake.