Mbegu Alizopewa Mama Kulwa

Mvua ya kwanza ikigonga vumbi, popote nilipo, pua yangu hunirudisha nyumbani, vijiji vya karibu na Kharumwa. Nimehama sana: Geita, Bugarama, Ushetu, na kwingine ambako sikukaa hata mchicha ukakomaa. Harufu ile haijawahi kunipotea.

Mwaka ninaoukumbuka, mvua ilinyesha mchana mmoja, na jirani yetu Mama Kulwa akaingia shambani kupanda mahindi kabla majani hayajakauka. Mama yangu alichimba kwa jembe, akazamisha mkono. Unyevu uliishia kwenye kifundo. Kwake, mahindi hayakupandwa mpaka udongo ulowe kufikia kiwiko.

“Mama Kabula, mbegu zako zitaotea ndani!” Mama Kulwa alipaza sauti kutoka upande wake wa mpaka.

“Hii imekuja kusalimia tu,” mama alijibu.

Jua likarudi. Mahindi ya Mama Kulwa yalichomoza, yakajikunja kama tumbaku, yakafa. Mvua yenyewe ilipoanza, alikuja kwetu na ungo mtupu kuomba mbegu.

Mama alimmiminia nusu ya mbegu zetu. Kisha akazinyunyizia mafuta ya taa na kuzichanganya na majivu, palepale. Sisi tulifanya hivyo shambani asubuhi ya kupanda, ili panya wasifukue mashimo. Niliona mama anatoa kwa kinyongo, anaharibu anachotoa.

“Panya wa kwangu walishahama,” Mama Kulwa alisema akicheka. “Wangekula nini?”

“Wakisikia una mbegu watarudi.” Mama akajaza kapu michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akamsogezea. “Cha kula ni hiki.”

Mama Kulwa aliacha kucheka. Akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili.

Nilielewa baadaye sana, nikiwa na watoto wangu. Hakuna mama anayeweza kulala na mbegu safi ndani huku wanawe wanalia njaa. Angezichemsha, na msimu ungeishia chunguni. Wala Mama Kulwa hakuwa mjinga wa udongo. Alijua kupima kama mama. Alikuwa akikimbilia mahindi mabichi, yawahi kufika kwa watoto. Sisi tuliweza kungoja mvua kwa sababu tulikuwa na cha kutafuna tukingoja.