Zamu ya Maji

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilipima vidimbwi vya Mto Ruaha karibu na Idodi. Mto ambao zamani haukukauka ulikuwa umekatika vipande, na kambale walihema topeni. Nikarudi kwetu Usangu, unakopita kwanza mto huo. Mpunga ulikwisha kuvunwa, lakini mfereji wetu bado ulimwaga maji kwenye mabua.

“Baba, kwa nini hatufungi? Huko chini mto umekauka, samaki wanakufa.”

“Ukifunga, jirani atasema umeacha zamu yako ya maji. Kwani hao samaki wako wana shamba huku?”

Niliwaendea majirani mmoja mmoja, nikawaomba waahidi mbele ya baba kwamba zamu yetu itabaki. Wa mwisho alipokubali, baba alishuka mferejini na mfuko wa mchanga.

“Shika huku, mtaalamu.”

Tuliziba mpaka maji yakageukia mtoni.