Ng'ombe wa Kaka Yangu Durban

Vita vilipopita milimani kwetu Kivu, baba alipoteza ng'ombe wote. Kilichomfariji ni ng'ombe wa kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amehamia Durban. Kaka alituma picha kwenye simu yangu: yeye na kofia ya kauboi, buti ndefu, nyuma yake ng'ombe wekundu malishoni. Macho ya baba yalikuwa yamefifia, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsimulia pembe na rangi zao.

Mwaka jana nilipopata safari, baba aliniambia, "Nenda ukawaone, binti yangu. Uniambie wamenonaje."

Kaka alinipokea vizuri. Durban ni mji wa maghorofa, lakini ng'ombe hawajatoka midomoni mwa watu. Kwenye taksi, basi dogo la kwenda Pinetown nje ya mji, abiria walibishana kuhusu ng'ombe wa mahari, na mbele kidogo tuliwakuta kadhaa wamesimama kando ya barabara kuu, hakuna aliyewapigia honi. Nikajisikia niko kwetu.

"Na ng'ombe wako, wako wapi?" nilimuuliza kaka.

"Wako mbali, dada. Tutaenda bosi wangu akirudi, anipe ruhusa."

Jumamosi aliondoka bila simu yake. Mke wake akaamua kumpelekea kazini, nami nikamsindikiza. Hakwenda shambani. Alinipeleka kwenye mgahawa mmoja wa nyama. Mlangoni alisimama kaka na kofia ile ile, bastola ya plastiki kiunoni, akizungusha kamba kuwachekesha wateja. Nyuma yake ukuta mzima ulichorwa majani na ng'ombe wekundu.

Kazi ni kazi. Hilo ningelimeza. Lakini nilipobaki nimeduwaa, wifi alidhani nina majonzi, akanishika mkono.

"Wifi, sijakupa pole ya baba. Tulimfanyia ibada kanisani. Kaka yako alilia sana."

"Baba gani?"

"Baba yenu."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeongea na baba kwa simu.

Kaka alisikia. Akavua kofia, akaangalia chini. "Watu wa kanisani walikuwa wananiuliza kila siku, naenda lini kumuona mzee," alisema. "Eish, nilichoka kujibu."

Wifi alikaa kwenye ngazi. Mimi nilimpigia baba, nikampa kaka simu. Nilitaka amwambie mwenyewe kuwa hakuna ng'ombe. Akaipokea, akamsalimu kwa heshima zote, kisha nikamsikia akisema, "Wako wazima, baba. Wawili wamezaa." Kicheko cha baba kilitoka kwenye simu mpaka nilikisikia pale niliposimama. Nikamnyang'anya kaka simu yangu, nikaondoka.

Siku zilizobaki nililala mtaa wa Sydenham, kwa mama mmoja wa kwetu. Kaka alikuja mara moja na matunda. Sikutoka nje. Wifi alikuja baadaye, akaniomba namba ya baba, na mpaka leo ndiye anayempigia Jumapili. Hajamwambia kwa nini hakuwahi kumpigia zamani.

Nilipofika nyumbani baba aliuliza kabla sijaweka mzigo chini. Nikamwambia hakuna ng'ombe, hawajawahi kuwepo. Aliomba nimsaidie kuvaa koti, akatoka kukaa juani. Habari ya ile ibada ilinishinda kuisema. Naijua mimi, na kaka anajua kwamba naijua.