Nyusi za Balozi Honorio

Honorio Katigbak hakuzaliwa na ndoto ya uongozi. Alikuwa muuza kahawa pale San Ruperto, mkoani Batangas, kusini ya Manila, mnene, mcheshi, mwenye ugonjwa mmoja usio na dawa: hakujua kusema hapana. Ukimwomba awe baba wa ubatizo wa mwanao, anakuja. Ukimwomba akushikie jogoo wako wa kupigana, anamshika mpaka adonolewe. Watoto wake wa ubatizo wakajaa mji mzima, na wazazi wao ndio waliomsukuma agombee umeya. Naye akakubali, angefanyaje?

Mpinzani alikuwa binamu yake, Melchor. Kura zikalingana sawasawa. Sheria inasema hapo mshindi apatikane kwa bahati, basi msimamizi wa uchaguzi akarusha sarafu uwanjani mbele ya umati. Sarafu ikaruka pembeni, ikazama chubwi ndani ya sufuria ya uji wa wali na kuku, ya mama mmoja aliyekuwa akiwauzia wapiga kura.

"Mtu asiguse mwiko," Melchor akaonya. "Ukikoroga tu, umeiba uchaguzi."

Ikabidi uji upunguzwe taratibu, kijiko kwa kijiko, kwa kuliwa. Mawakala wa pande zote mbili walikula huku jasho likiwatoka na kuulizana kama kuna ndimu. Chini kabisa sarafu ikaonekana, upande wa kichwa ukiwa juu, na kichwa ndicho alichochagua Honorio. Melchor akaenda nyumbani ameshiba, amenuna.

Umeya wa mtu kama huyo una vituko vyake. Bendi ya mji aliiahidi harusini na mazishini saa ile ile. Wapigaji wakagawana, na katika ile haraka wakachukuliana karatasi za nyimbo: bibi harusi akaingia kanisani kwa maombolezo, marehemu akaenda makaburini kwa mdundo wa kukata viuno. Watu wa msibani, kusema kweli, hawakulalamika sana.

Melchor, wakati huo keshakuwa mbunge, aliona njia ya kumwondoa mjini. Akampigia debe Manila, kisha akaja kumpa habari.

"Binamu, umeteuliwa balozi. Norwei."

"Iko wapi hiyo?"

"Kaskazini."

"Kaskazini ya Manila?"

"Kaskazini ya kila kitu. Unakubali, hukubali?"

Mkewe, Pasita, alikuwa ameshaanza kufungasha. Alijua jibu.

Alijaza sanduku zima samaki wakavu, na siku ya kwanza alipowakaanga kule Oslo, jirani aliita zimamoto. Wakaja watatu, na Honorio akawakaribisha mezani. Wawili walikula na kuramba vidole. Wa tatu alikaa dirishani mpaka mwisho.

Kilichompa jina ni mkutano na wenye meli. Mabaharia wetu katika meli za huko walikuwa wanalalamika kwamba wanalishwa viazi tu, na balozi akatumwa kuwatetea. Mwenyekiti wa wenye meli, Bwana Tveiten, alikuwa mrefu kama mlingoti, na Honorio ilimbidi ainue kichwa kumtazama.

"Wali mara mbili kwa wiki," Tveiten akasema.

Honorio aliona hilo ni jema. Akajibu kama mtu yeyote wa San Ruperto anavyojibu ndiyo: akainua nyusi.

Tveiten akageuka kwa wenzake. Hawa wakadhani mgeni ameshangaa, labda ameudhika.

"Basi kila siku."

Honorio akainua nyusi, safari hii kwa furaha.

"Kila mlo. Hata asubuhi."

Nyusi zikapanda karibu zifike kwenye nywele. Tveiten akalegeza tai.

"Na nguruwe mzima wa kuchoma siku ya Krismasi. Na mashine ya kuimbia karaoke katika kila meli. Balozi, tuhurumie, hatuna zaidi."

Hapo akamwonea huruma. "Ndiyo," Honorio akasema, na chumba kizima kikapumua.

Magazeti ya Manila yakamwita simba wa mazungumzo. Usiku huo alimweleza Pasita ukweli.

"Mimi nilikuwa nimekubali tangu mwanzo."

"Umemwambia mtu?"

"Hapana."

Pasita akamtazama. "Ehee! Kumbe neno hilo unalijua. Basi lala nalo hivyo hivyo."

Honorio alipostaafu na kurudi San Ruperto, mji mzima ulikuja kumpokea, isipokuwa wake wa mabaharia. Hao walikuja kesho yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Waume zao walirudi likizo wamenenepa, wanaimba kuanzia kifungua kinywa, na hakuna hata mmoja aliyejua kuimba. Honorio aliwakaangia wote samaki kwa mkono wake kuomba radhi, akatumia alasiri nzima kusikiliza kila mmoja akimwigiza mumewe, mpaka wenyewe wakaanguka kwa kicheko.

Mabaharia nao walimletea zawadi ya shukrani: nanga ya meli, ya kweli, iliyobebwa na lori. Iko mbele ya nyumba hadi leo, kwa sababu hakuna awezaye kuisogeza. Pasita huanikia nguo juu yake.