Pete Niliyoivua Mume Aliporudi

Walisema sitaweza. "Muuza vitumbua wa stendi ya Sikonge, diploma ataipatia wapi?" Niliipata, mwanangu, diploma ya uuguzi, tena kwa alama za juu. Nikafanya kazi Kampala miaka sita, nikarudi kijijini kwetu Ipole na masanduku mawili yangu mwenyewe. Kwa hiyo haya ninayokusimulia hayakumpata mjinga.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, shangazi yangu Nyamizi alikuwa akitafuta chumvi jikoni kwangu. Akafungua kopo, akatoa pete laini, nyeupe.

"Hii nayo ya kidole gani, mama?"

Nikamweleza kwa madaha ya msomi: huvaliwa ukeni mwezi mzima, hutoa dawa ya kupunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Wanawake wangapi niliwafundisha kule Kampala!

"Mbona iko kwenye kopo?"

"Baba watoto karudi tangu wiki iliyopita, shangazi. Akiigusa atasema simwamini."

Mume wangu ni mrina asali. Alikuwa akikaa dago, kambi yao ya porini, wiki sita mfululizo, na minong'ono ya mwanamke wa huko ilikuwa imenifikia.

Shangazi hakucheka. "Akiwa porini unavaa, akirudi unavua. Mrina gani anazima moshi ndipo afungue mzinga?"

Nikahesabu siku kwa vidole. Dawa ya dharura ya kuzuia virusi huanzwa ndani ya siku tatu, na zangu, tangu tulipolala pamoja, zilishapita. Nilipima, sikukutwa na kitu, lakini diploma ileile iliniambia ni mapema mno. Miezi mitatu nilikuwa nikisonga ugali kwa mkono mmoja, mwingine unapapasa tezi shingoni. Kila jasho lilinitisha.

Mwishowe nikamwambia mume wangu yote.  "Twende wote tukapime," akasema.

Mimi sikuwa na virusi. Yeye alikuwa navyo. Leo anameza dawa zake na anarina kama zamani, lakini mimi niliponea chupuchupu tu, kwa bahati, si kwa usomi.

Mwanangu, usiivue kinga kwa kumwogopa yuleyule unayejikinga naye. Pete iliyo koponi hailindi mtu. Ukiirudisha, huchukua siku nzima kabla ya kuanza kazi, na peke yake haitoshi: kondomu ziwepo, na mkapime wawili.

Mungu akupe mume wa kuambiwa ukweli, na akupe ulimi wa kumwambia mapema kuliko mimi.