Wimbo Tuliojua Mwanzo Wake Tu

Kosa langu la mapema lilikuwa hili: nilimzoesha dada yangu kwamba mtu akikosea noti moja, wimbo unarudi mwanzo. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na magitaa mawili ambayo kanisa liliyaacha liliponunua kinanda, kitabu cha noti nilichokipata soko la Gikomba kwenye rundo la mitumba, na woga wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye kumi na sita. Tuliishi Dandora, na mazoezi tulifanyia uani, chini ya kamba za nguo, mama akiwa bado sokoni. Nikisikia uzi umelia vibaya, nilizima nyuzi kwa kiganja. "Tena." Sikumkemea. Nilisema polepole, kwa sauti ya mtu mwenye subira, na nadhani hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Jirani aliyekaanga mandazi langoni alituuliza siku moja, "Nyinyi watoto, huo wimbo wenu una mwisho kweli? Tangu Krismasi naona kichwa tu, miguu sijaiona."

Dada yangu alicheka mpaka akaweka gitaa chini. Mimi sikucheka. Ukurasa wa kwanza tuliujua kama maji. Kwenye wa tatu tulikuwa wageni.

Kisha tukaalikwa kupiga katika ukumbi wa mtaa, Jumamosi mchana. Asubuhi hiyo dada yangu alikuwa akipiga pasi blauzi yake. Aliniambia bila kuinua macho, "Brathe, ukinisimamisha mbele ya watu, leo ndiyo mwisho. Narudi kwaya."

Nilijua hatanii. Nyimbo zangu zote zilikuwa za watu wawili, na hapakuwa na mwingine mtaani ambaye angekaa nami saa mbili kwa mistari minne.

Hakukosea. Nilikosea mimi, ukurasa wa pili, kidole cha pete kilipokosa uzi. Kiganja changu kikalala juu ya nyuzi kabla sijafikiri. Nikamtazama, nikingoja turudi mwanzo. Yeye hakugeuka. Aliendelea na sehemu yake peke yake, zile besi za chini bila sauti yoyote juu yake, na watu wakasikiliza wakidhani ndivyo wimbo ulivyo. Nilihesabu mapigo, nikaingia ukurasa wa tatu. Tulifika mwisho. Si vizuri sana, lakini tulifika.

Nje, karibu na bomba la maji, nilimwambia, "Pole."

"Ya noti ama ya kunyamaza?"

"Ya noti."

"Basi bado hujaelewa. Noti yenyewe hata sikuisikia. Nilisikia umeniacha."

Nikamwambia ukweli, kwamba sikujua mtu anaweza kukosea na kuendelea.

"Na mimi je? Mwaka mzima umenisimamisha, ningejulia wapi?" Alifunga kamba ya mfuko wa gitaa lake. "Jumatatu tunaanza na ukurasa wa mwisho. Na wa kusema 'tena' ni mimi, si wewe."

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Tumepiga kwenye harusi nyingi, mazishi mawili, na sasa kila Jumapili mchana katika hoteli moja mjini. Kila noti niliyokosa bado naikumbuka. Lakini nikikosea, siku hizi naendelea kupiga.