Chupa Tatu Hadi kwa Mzee Mutegi

Nilikwenda Chuka kwa sababu nilitaka kuoa, na nilikwenda na gari langu kwa sababu nina kiburi. Safari ya kwanza, mwezi wa pili, gari lilikata pumzi Kiganjo, hata jasho la kuagana halijakauka, na kule kwao Kawira, binti niliyemtaka, chakula cha watu arobaini kikaliwa na majirani. Baba yake, Mzee Mutegi, alituma ujumbe mfupi: atapika mara moja tena, hatapika mara mbili.

Mtu mwenye akili angelipeleka gari kwa fundi. Mimi nilisoma mtandaoni. Fundi hukufungulia boneti na kukuaibisha mbele ya watu, lakini dawa ya chupa haina maswali. Unaimimina kwenye tangi, inakwenda huko ndani gizani, inaosha injini, nawe unabaki msafi. Niliowasoma waliiita muujiza, na waliofurahi kuliko wote walikuwa, kwa bahati tu, ni wale wanaoiuza. Kawira aliniambia kwenye simu niangalie filta ya hewa kwanza. Nikamwambia asijisumbue, mambo ya injini aniachie mimi.

Safari ya pili. Saa kumi na mbili asubuhi, Chaka. Nilimimina chupa ya kwanza mbele ya abiria wangu wawili: Baba mdogo Githinji, ambaye ndiye angetusemea ukweni, na Tata Wangari, dada mkubwa wa marehemu baba. Nyuma, juu ya gunia, walikuwa mbuzi wawili, dume na jike. Kwetu ziara hii ya kwanza ni ya kupanda tawi, yaani kuonyesha kwamba binti wa boma hilo ameshapata mwenyewe, na mbuzi lazima wafike hai na waingie kwa miguu yao. Bila mbuzi hakuna mazungumzo.

"Hiyo ni nini unanyweshea gari?" Tata akauliza.

"Ni ya kusafisha injini, Tata."

"Na imeoga ndani lini mara ya mwisho?"

Ndani ya lile gari mimi hubeba nyasi kavu na pumba za kuku wangu wiki nzima, na harufu ilikuwa inajibu kwa niaba yangu.

Saa moja na nusu, Karatina. Gari lilikuja vizuri ajabu. Nikasimama kituo cha mafuta nikiwa na kifua mbele, na hapo nikakutana na muuzaji aliyevaa ovaroli isiyowahi kuguswa na tone la oili. Nilipomwambia nimeshaweka dawa, alinionyesha mitungi miwili ya kioo, mmoja una maji meusi, mwingine meupe.

"Boss, gari iko sawa lakini ile umeweka ni ya kuamsha tu. Hii yangu ndio inafagia. Ukishuka Sagana utaniombea."

Nikamimina ya pili. Na kweli, kushuka Sagana gari lilipaa! Niliimba. Nilimwambia Baba mdogo asikilize injini inavyonguruma kwa raha. Alitazama mteremko nje ya dirisha.

"Wahome, tangu tutoke Chaka, ni wapi tumepanda?"

Nilimwonea huruma kwa kutofahamu sayansi.

Saa tatu, Mwea. Barabara imenyooka kati ya mashamba ya mpunga, tambarare mpaka macho yanachoka. Hapo hata mkokoteni ungejiona una nguvu. Tata alisisitiza tununue gunia la mchele wa kupeleka ukweni, na mimi, mwenye gari lililosafishwa mara mbili, nikasema tuchukue mawili.

Saa nne, Embu. Kilima kidogo tu cha kuingia mjini, na gari likaanza kukohoa. Tulipaswa kufika kabla ya saa sita. Nikakimbilia duka la vipuri na kurudi na chupa ya tatu, nyekundu, ile "ya mwisho kabisa". Baba mdogo alivua kofia yake ya heshima akaiweka mapajani, kama mtu aliyefika kwenye maombi.

Saa tano, Thuci. Wanaoijua barabara hiyo wanajua: unashuka mpaka mtoni, unavuka daraja, kisha unapanda. Nyumbani kwa Mzee Mutegi ni juu ya mlima huo, kabla hujafika mjini Chuka. Tulivuka daraja. Chupa tatu, magunia mawili, mbuzi wawili, wazee wawili. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Kisha gari likatetemeka na kusimama.

"Shukisha mbuzi," Baba mdogo akasema.

Basi ndivyo tulivyokwenda kuposa. Baba mdogo mwenye suti alimvuta dume, Tata mwenye kilemba kipya akamvuta jike, wote kwa miguu juani, nami nyuma yao peke yangu ndani ya gari tupu linalojikokota kwa gia ya kwanza, magunia nikiwa nimeyaacha kwa mama mmoja muuza ndizi. Na kule juu, mikono nyuma, alikuwa amesimama Mzee Mutegi mwenyewe. Aliwasalimia wazee wangu kwa heshima zote. Kisha akanitazama mimi niliyeketi.

Mzee Mutegi aliendesha malori miaka mingi. Hakunikaribisha ndani. Alisema, "Fungua boneti, kijana."

Alifungua kisanduku cha filta. Kulikuwa na pumba, vumbi lote la Chaka, na kiota cha panya kilichofumwa vizuri kwa nyasi za kuku wangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Umeweka nini?"

Nikamwonyesha zile chupa.

"Si ati hizi zote ni uongo," akasema, akizigeuza mkononi. "Kuna ziko na sabuni. Injekta, ile inarusha mafuta, ikichafuka, inasafisha polepole, si siku moja. Lakini haiwezi toa panya. Hii gari imefungwa mapua, na wewe unaipea dawa ya tumbo." Akapangusa vidole. "Hakuna mtu alikuambia uangalie hii air cleaner?"

Baba mdogo alitazama mbuzi. Ningeweza kudanganya.

"Kawira aliniambia, Mzee. Mwezi wa pili."

Kawira alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na hakunisaidia hata kwa kope.

"Sasa hiyo ndio shida iko hapa," Mzee akasema taratibu. "Panya nimetoa. Hiyo ingine sijui kama naweza." Kisha akawageukia wazee wangu. "Mbuzi waingie. Wao wametembea. Huyu atangoja hapa nje kwanza."

Niliingia saa nane, wenzangu wakiwa wameshakula. Tawi lilipandwa, ila kwa sharti: nirudi baada ya miezi mitatu, na atakayeulizwa kama niko tayari si Baba mdogo, ni Kawira.

Saa kumi na moja jioni, kurudi. Bila kiota, gari lilipanda Karatina kwa gia ya nne. Muuzaji wa ovaroli safi alinipungia mkono akidhani ni kazi yake. Wazee walikuwa wamelala. Nikaegesha kando, nikampigia Kawira, nikamuuliza ni mambo gani mengine aliwahi kuniambia nami sikumsikiliza.

"Uko na kalamu?" akauliza.

Nikazima injini.